Jinsi ya kumchora tai wa Haast akiwinda, asionekane kama tai wa kawaida aliyekuzwa

Kosa la wengi ni kuchukua picha ya tai wa siku hizi wanaikuza mara tatu, basi. Mimi ya kwanza nilifanya hivyohivyo, ikatoka tai mnene tu.

Anza na mabawa. Huyu ndege, tai mkubwa ambaye sasa hayupo tena duniani, aliishi New Zealand, Kisiwa cha Kusini, jike lilifika kilo 10 hadi 15 lakini mabawa ncha hadi ncha hayazidi sana mita 3, kwa uzito ule ni mafupi hayo, maana alikuwa anawinda kwenye misitu na vichaka, sio kuelea juu mchana kutwa kama tumbusi. Kwahiyo yafanye mafupi na mapana.

Miguu ndo usiibanie penseli kabisa. Minene, na kucha ndefu kama kidole cha kati cha mtu mzima.

Windo lake ni moa, ndege asiye na mabawa hata kidogo, na jike la aina kubwa lilipita kilo 200, so tafadhali usichore tai anapaa na moa kaning'inia, haiwezekani! Mifupa ya nyonga za moa imekutwa na matundu ya kucha, ndo maana inasemekana alikuwa anakuja kwa kasi toka ubavuni, mguu mmoja unang'ang'ania nyonga, mwingine unapiga kichwa au shingo. Mimi huwa napenda kuchora sekunde ileile, goti la moa linakunja, manyoya ya mgongoni yametimka, na kucha zishazama usizioneshe zote.

Ukitaka picha ya pili mchore anakula. Utafiti wa 2021 ulipima fuvu lake ukaona kuua aliua kama tai ila kula alikula kama tumbusi, kichwa ndani ya tumbo anavuta matumbo. Kuna mchoro wa kale wa Wamaori, wenyeji wa New Zealand, pangoni, mwili umepakwa rangi nyeusi kichwa kimeachwa bila rangi, ndo maana wengine wanamchora na upara, na mimi nipo upande huo.

Background usiweke swala wala sungura. Kabla watu hawajafika, mamalia wa nchi kavu kule walikuwa popo tu. Ukiweka binadamu, waweke Wamaori wa kwanza, maana moa walipowindwa wakaisha, kwenye miaka ya 1400 hivi, na tai naye akaisha.