Namna ya kufuatilia kijana mpya anapomvaa mkongwe kwenye uteuzi wa urais, bila kuliwa hela barazani

Wagosi, hii naiandika kwa wenzangu wa baraza ambao kila ukifika msimu wa kuteua mgombea urais, wa kwetu au wa Marekani, wanaanza kuwekeana dau kwa kuangalia nani kajaza watu. Mi mwenyewe nshaliwa hivo, ntasema huko mbele.

Cha kwanza, kabla hujatazama sura ya mtu uliza nani anapiga kura na zinahesabiwaje. Chukua 2008, Obama seneta hata muhula mmoja hajamaliza, anamvaa Hillary Clinton, mke wa rais mstaafu, chama anakijua uvungu mpaka dari. Sasa kule mgombea wa chama chao, Democratic, hapatikani kwa jumla ya kura za nchi nzima, anapatikana kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa chama, na kila jimbo linagawa wajumbe kwa uwiano, ukifikisha asilimia 15 unapata fungu lako hata kama umeshindwa. Februari 5 majimbo zaidi ya 20 yakapiga kura siku moja, Clinton akabeba New Jersey, jimbo lenye watu kibao, faida yake wajumbe 11 tu kwa sababu mwenzie nae kagawiwa vizuri. Obama akabeba Idaho, kajimbo ambako wengi hata hawakuhangaika kwenda, faida wajumbe 12! Mtu aliyekuwa anaangalia majimbo makubwa tu akalala anajua Clinton kapiga bao.

Kwa hiyo nunua kaunta buku, piga mistari safu tatu, jimbo, wajumbe wa huyu, wajumbe wa yule, chini unajumlisha. Neno "kashinda" usiliandike popote. Mwaka ule mpaka mwisho ilitakiwa wajumbe 2,118, basi namba hiyo iandike juu kwa wino mwekundu na kila wiki unatoa unaona nani kabakiza ngapi. Weka na safu ya pembeni ya wale vigogo wa chama wenye kura zao mkononi, walikuwa karibu 800, hiyo andika kwa penseli maana hao wanahama. Mwanzoni wengi walikuwa kwa Clinton, wakaanza kuhama mmoja mmoja.

La pili, usiweke dau baada ya jimbo la kwanza. Iowa walipiga Januari 3 jioni yao, kwetu Tanga ikawa Ijumaa alfajiri, tumetoka kuswali, Ngamiani pale muuza kahawa ndo kwanza anapuliza mkaa, redio inasema Obama kaongoza na Clinton kawa wa tatu. Mzee mmoja akaweka kikombe chini akanambia "mwanangu, yule mama mumewe kakaa Ikulu miaka minane, huyu mtoto atatokea wapi?" Tukawekeana kilo ya halua. Siku tano mbele Clinton akachukua New Hampshire, mzee kanifuata mpaka dukani na mfuko wa kutilia halua, nkamwambia babu subiri hesabu.

Ya kwetu ndo ina utaalamu wake, kwa sababu CCM hakuna majimbo, kuna mchujo. Kamati Kuu inabakiza watano, Halmashauri Kuu inabakiza watatu, Mkutano Mkuu ndo unapiga kura ya mwisho. Yani unaweza ukawa na mashabiki nchi nzima na jina lisifike hata kwenye karatasi. 2015 Lowassa alijaza uwanja wa Sheikh Amri Abeid pale Arusha, nkatoa hela yangu nkaweka, tano bora ikatoka hayumo! Kijana wetu wa Bumbuli January Makamba akawemo, Tanga tukashangilia, tatu bora nae akaachwa, akaja kupita Magufuli ambae barazani kwetu hakuna aliyemwekea hata shilingi.

Na kama kura zina raundi mbili, mwangalie wa tatu kuliko wa kwanza. Kikwete kwenye uteuzi wa CCM 1995 aliongoza raundi ya kwanza mbele ya Mkapa na Msuya, ila nusu hakufika, Msuya akatoka, kura zake nyingi zikaenda kwa Mkapa, Kikwete kijana wa Msoga akaanguka kwa kura chache. Alisubiri miaka kumi. Kwa hiyo jiulize mashabiki wa huyo anayetoka watakwenda wapi, hapo ndo uweke dau, si kabla.

Mwisho, usidai chako mpaka aliyeshindwa aseme mwenyewe. Obama alifikisha idadi Juni 3, Clinton akaja kukubali tarehe 7, na halua yangu mzee alinilipa siku hiyo hiyo ya tarehe 7, tena nusu kilo, akasema nyingine kala njiani.