Mwenye Nyumba Wako ni Mhindu: Mwongozo kwa Mtoto wa Nyanda za Juu Aliye Ughaibuni

Tangu nirudi Iringa, ujumbe wa aina hii hauishi kwenye WhatsApp yangu: "Shikamoo baba mdogo. Nimepata chumba Leicester, Uingereza. Mwenye nyumba ni mama wa Kigujarati, Kiswahili anakijua vizuri tu. Ila pembeni ya jiko ana kabati la miungu. Nifanyeje?" Jibu la kwanza: marahaba, na usihame. La pili ni refu kidogo.

Kwanza futa unachodhani unakijua. Mtoto wa Mbeya amekua akipita Uhindini, amenunua madaftari na betri kwa Mhindi, basi anaona Wahindi wote dini yao moja. Sivyo. Jamatkhana, yaani nyumba ya ibada, ya hapa Iringa mjini, ile yenye mnara wa saa, ni ya Waismailia, nao ni Waislamu wa Kishia. Mabohora ni Waislamu pia. Singasinga wana dini yao, na nyumba yao ya ibada, gurdwara, ndiko lazima ufunike kichwa. Magoa wengi ni Wakatoliki, mtakutana misani. Wahindu ni kundi jingine, na Wajaini, wanaofanana nao kwa mengi ya mezani, ni jingine tena. Usimpachike mtu dini kwa kumtazama sura. Muulize, "Mama, sikukuu yenu kubwa ni ipi?" Swali hilo halimuudhi mtu.

Kiswahili chake kisikushangaze. Wahindu wengi wa Leicester walitokea huku kwetu. Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, lakini wengine waliondoka Kenya na Tanzania, na hapa kwetu sheria ya 1971 ya kutaifisha majengo ilichangia sana. Mzee akianza kusimulia nyumba ya baba yake, usimtetee Nyerere wala usimshambulie. Mwache amalize, mwongezee chai. Nimeona vijana wetu wakigeuza sebule ya watu kuwa bunge, na urafiki ukaishia hapohapo.

Sasa dini yenyewe. Mmoraviani wa Rungwe au Mlutheri wa Iringa atauliza: mwanzilishi nani, kitabu kipi, ibada siku gani? Uhindu haupangiki hivyo. Una wafuasi zaidi ya bilioni moja, lakini hauna mwanzilishi mmoja, wala askofu au baraza la kuamua nani Mhindu wa kweli. Vitabu ni vingi: Veda ndizo za kale zaidi, kisha kuna Upanishadi, Ramayana, na Mahabharata ambayo ndani yake mna Bhagavad Gita, sura 18 zenye beti 700. Mmoja atakuambia Mungu ni mmoja ila majina ni mengi: Vishnu, Shiva, Durga. Mwingine atasema yeye ni wa Krishna, basi. Hawagombani kwa hilo. Karma ni tendo pamoja na matunda yake, ambayo yanaweza kukufuata hata katika maisha mengine, kwa kuwa wanaamini nafsi huzaliwa tena. Kufunguliwa kutoka mzunguko huo ndiko moksha. Ukitaka kusoma, chukua Gita. Veda ziache, zitakukatisha tamaa mapema.

Ila kwa maoni yangu kitabu kingoje. Anza na lile kabati, kwa sababu Uhindu wa watu hawa unaishi nyumbani kuliko hekaluni. Asubuhi mama ameshaoga. Anachovya utambi wa pamba kwenye samli, anauwasha, anazungusha kitaa mbele ya picha kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukitikisa kengele ndogo. Akimaliza anapitisha viganja juu ya mwali na kuvipeleka usoni. Hiyo ni aarti. Tunda au sukari ya mawe iliyokuwa mbele ya Krishna sasa imekuwa prasadi, yaani chakula kilichobarikiwa, na usishangae akikugongea mlango na nusu ya ndizi. Wakati anaomba, usikatize kati yake na kabati. Juu ya kabati hilo usiweke kitu, hata funguo.

Prasadi ndiyo inayowasumbua wengi, kwa hiyo nikae hapo. Mkristo anamkumbuka Paulo akiwaandikia Wakorintho kuhusu vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, na akisoma sura ya 8 na ya 10 ataona mambo si mepesi. Mwislamu naye ana hukumu zake. Mimi si mchungaji wala shehe, sitakuamulia. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo uufanye mapema, na mtu unayemwamini kwa mambo ya dini, usingoje sinia lifike puani. Ukiamua kupokea, pokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa chini yake, kama bibi alivyokufundisha. Ukiamua kutopokea, kunja viganja kifuani, sema, "Nashukuru mama, dini yangu hainiruhusu." Ataelewa, maana yeye mwenyewe ana mengi asiyokula. Jambo baya ni kupokea kwa tabasamu, kisha akaikuta ile ndizi kwenye ndoo ya taka. Hilo hatalisahau.

Kuhusu sanamu, acha neno hilo mpaka usikilize kwanza. Hekaluni huwa kuna ibada maalumu ya kuialika nafsi ya kimungu ikae ndani ya murti, yaani umbo lile unaloliita sanamu. Baada ya hapo murti huamshwa, huvishwa, hulishwa, hata kupumzishwa mchana pazia likiwa limefungwa. Ndiyo maana ukifika saa saba unaweza usione kitu. Tazama ratiba kabla ya kupanda basi.

Jikoni, uliza kabla ya kulipa kodi: nyama inaruhusiwa? Mayai? Nyumba nyingine hukubali kuku ila ng'ombe kamwe, nyingine hazitaki hata harufu ya dagaa. Wafuasi wa Swaminarayan, dhehebu mojawapo la Wahindu, wengi hawali vitunguu maji wala vitunguu saumu. Kwa bahati sisi wa huku hatupati tabu. Makande, maharage, viazi, mboga za majani, vyote vinapita. Omba sufuria yako ya peke yako na uweke alama. Na ule utani wa sisi Wahehe kula mbwa uuache Iringa. Mezani kwa watu wasiokula hata yai hauchekeshi.

Ukitaka kuona hekalu kubwa, nenda Neasden, London. Lilifunguliwa 1995, limejengwa kwa marumaru ya Carrara ya Italia na mawe ya chokaa kutoka Bulgaria. Vua viatu, funika mabega na magoti, simu iwe mfukoni kwani ndani hawaruhusu picha. Wanaume hukaa upande wao na wanawake upande wao. Ukikaa chini, nyayo zisielekee murti. Hakuna atakayekuuliza kama unataka kubatizwa.

Diwali huja Oktoba au Novemba, kwa kuwa wanafuata mwezi. Leicester husherehekewa Belgrave Road, taa barabara nzima, na wafanyabiashara wa Kigujarati huombea vitabu vyao vya hesabu. Ukipeleka keki iwe haina mayai, na peremende zisiwe na jelatini. Usiku tisa wa Navaratri hutangulia. Ukialikwa kucheza garba, nenda.

Msiba ndio utakaokushtua. Vaa nyeupe, si nyeusi. Wengi huchoma maiti, na huko Uingereza kila familia hupangiwa muda wake, ukichelewa umekosa. Usibebe sufuria ya wali kama tunavyofanya kwetu, na usitegemee kula hapo. Kwenye kikao cha maombi unaingia, unakunja viganja mbele ya picha ya marehemu, unakaa kidogo, unaondoka. Harusini ni kinyume, utashiba mpaka basi. Fedha ya bahasha iishie na moja: pauni 21, 51 au 101.

Kwetu kumuuliza mtu kabila ni salamu tu. Kule swali hilo linaweza kugusa tabaka la ukoo, na tabaka lina vidonda, basi usiulize. Methali ya Baniani na kiatu chake nayo usiitoe. Wazee wale walizaliwa nayo, wanaijua vizuri kuliko wewe.

Ukija likizo Desemba, zawadi ya kumrudishia ni pakiti za chai ya Mufindi au ya Tukuyu. Ataipika kwa maziwa, tangawizi na iliki. Asali usibebe mpaka uwe na hakika si Mjaini, maana Wajaini wengi hawaigusi.