Ukienda Matsushima, shukia Hon-Shiogama

Wengi wanaokwenda Matsushima, ile ghuba yenye visiwa 260 hivi karibu na mji wa Sendai nchini Japani, hupanda treni hadi kituo cha Matsushima-Kaigan, wakakata tiketi ya boti ya kuzunguka na kurudi palepale. Nakushauri ushuke kabla, Hon-Shiogama, kwenye reli hiyohiyo ya Senseki. Tembea dakika kumi hivi hadi bandarini, chukua boti ya kwenda Matsushima, tiketi ya kwenda tu. Safari ni kama dakika 50, na unapita katikati ya visiwa vyenyewe: miamba ya rangi ya majivu iliyoliwa na mawimbi kwa chini, juu yake misonobari iliyopinda kwa upepo. Angalia ratiba ya siku hiyo kwanza. Kurudi Sendai, panda treni.

Ila jihadhari: kituo kinachoitwa Matsushima tu kiko kwenye reli nyingine, na ni mbali zaidi na pwani.

Ukishuka botini, nenda Godaido, kihekalu kilicho juu ya kisiwa kidogo sana. Vidaraja vyake vimeachiwa nafasi kati ya mbao, unaona maji chini ya nyayo zako. Usivae viatu vya kisigino chembamba.

Kama tumbo linadai, majira ya baridi ndiyo msimu wa chaza. Wale wa kuchomwa, wakiwa bado wanatokota ndani ya gamba, kwangu mimi hawana mfano.