Chora tawi la kahawa, achana na jedwali

Kwa mnaofuatilia tabia zenu kwenye bullet journal (daftari la kujipangia na kuweka alama za kila siku): badala ya jedwali la visanduku, choreni tawi la kahawa. Hapa Moshi hata asiyejua kuchora analiweza. Mstari mmoja mrefu, majani mawili matatu, kisha matunda kwa idadi ya siku za mwezi, yamebanana kwenye vifundo kama yalivyo shambani. Tuseme tabia yako ni kulala mapema: siku ukiwahi kulala, paka tunda moja jekundu. Ukikosa, liache bichi. Kwenye jedwali, siku uliyoruka ni pengo linalokukodolea macho, na wengi hulitupa daftari hapo hapo. Kwenye tawi, bichi katikati ya yaliyoiva ni kawaida tu. Kahawa yenyewe haiivi siku moja, ndiyo maana wavunaji huurudia mti uleule. Tumia penseli za rangi, maana maka peni inapenya karatasi ya daftari la kawaida mpaka ukurasa wa nyuma. Tawi moja, tabia moja. Ukijaza matawi matano utachoka kupaka mwezi haujafika kati. Na kwa jambo la mara moja kwa wiki, kama jimu ya Jumamosi, tawi halifai: karibu lote litabaki kijani hata kama hujakosa.