Wahi mwanga kama unavyowahi maji kupwa: kwa anayekwenda kuanza baridi Uingereza

Mtoto wa kaka yangu anaondoka Septemba kwenda kusoma Glasgow, mji wa Scotland kule Uingereza, nilioishi misimu 6 ya baridi. Juzi kaja Jambiani na daftari lake. "Shikamoo shangazi. Nambie nichukue sweta ngapi." Nikamwitikia marahaba, nikamwambia akae kitako, sweta tutazifikia, lakini zipo habari kubwa kuliko sweta. Niliyomwambia nayaandika hapa kwa yeyote anayetoka Unguja au Pemba kwenda kuuona msimu wa baridi kwa mara ya kwanza.

Kwetu kipupwe kikivuma mwezi wa Julai tunajifunika shuka mbili na kusema leo baridi. Mchana wetu, mwaka mzima, siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa zinapishana kama dakika 40 tu, kwa hiyo hatujawahi kuuwazia. Glasgow tarehe 21 Disemba jua linatoka saa tatu kasorobo asubuhi, na saa kumi kasorobo limeshazama. Mchana wote ni saa 7, na siku nyingi hata hilo jua hulioni, unaona wingu la kijivu limelala juu ya mapaa.

Chupa ya mafuta ya nazi aliyonifungia mama iliganda wiki ile ile niliyofika, ikawa nyeupe kama samli. Nilikuwa nayachota kwa ncha ya kijiko, nayasugua viganjani mpaka yayeyuke, na chumba kizima kinanukia nyumbani. Baridi, basi, nilikuwa nimeitarajia. Giza hakuna aliyenambia.

Ilipofika Novemba nikawa nalala kwa muda wa saa 10 na naamka mzito kama sijalala. Nakula mikate tu, simu za watu sipokei, nikirudi kazini nakaa kitandani na koti langu mwilini. Nyumbani walisema nimepata jicho, mama akanisomesha. Kisomo kile kilinituliza na namshukuru mpaka leo. Lakini daktari naye alinieleza jambo ambalo natamani ningelijua kabla sijapanda ndege: mwili unapanga usingizi, njaa na uchangamfu kwa mwanga unaoingia machoni, hasa wa asubuhi. Ukikosekana, wapo watu wanaopata sonona inayokuja na msimu na kuondoka nao. Ni maradhi, yana jina na yana tiba. Ukiona wiki mbili zimepita roho nzito na hamu ya kila kitu imekufa, nenda kwa daktari, usingoje Machi.

Kilichonivusha nilikichukua kwa mama. Yeye analima mwani tangu mimi mdogo, na sijapata kumuona anatazama saa ya ukutani kabla ya kwenda pwani. Anajua mwezi una siku ngapi na bamvua linaanza lini. Maji yakipwa saa nne asubuhi, saa nne yumo baharini na kamba zake. Kesho yake maji yanachelewa kidogo, naye anachelewa nayo. Chungu kitangoja, mgeni atangoja, kwa sababu maji yakirudi hayamngoji mtu. Mwanga wa Glasgow mwezi wa Disemba nao una kupwa kwake, baina ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Wakati huo acha ulichoshika, utoke.

Utoke hasa, nusu saa kwa uchache, kila siku, hata kama kuna wingu. Mwanga wa nje siku ya wingu unauzidi wa taa za darasani mara kadhaa, ijapokuwa macho yako yatakwambia ni sawasawa. Mimi nilikuwa nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee. Nilimuomba msimamizi mapumziko yangu yawe saa sita na nusu badala ya saa tisa, nasali Adhuhuri, kisha nateremka bustani ya Glasgow Green, natembea ukingoni mwa mto Clyde na kurudi. Wiki tatu hazikwisha nikaanza tena kupokea simu. Ukishindwa kutoka, kaa dirishani. Zipo pia taa maalumu za kukaa mbele yake asubuhi, kama nusu saa, zenye nguvu ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga). Mwenye matatizo ya macho aulize daktari kwanza.

Vidonge vya vitamini D usivipuuze. Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza inashauri mikrogramu 10 kwa siku kwa watu wote wakati wa vuli na baridi, na wanaojistiri mwili wote inawashauri wameze mwaka mzima, na wenye ngozi nyeusi nao wafikirie kufanya hivyo. Sisi wa buibui tumo mara mbili.

Sala zitakuhitaji upange. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaingia ndani ya saa 4, kwa hiyo zungumza na mkubwa wako wa kazi au mwalimu mapema, Oktoba, kabla hujabanwa. Ukishatawadha, jifute mpaka baina ya vidole, maana mkono wenye majimaji ukipigwa na upepo wa kule unapasuka na kutoka damu. Nunua khufu, zile soksi za ngozi: mkaazi anapaka maji juu yake badala ya kuosha miguu, mchana na usiku mmoja, na miguu inabaki na joto lake.

Sasa saa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ikifika saa nane usiku wanairudisha saa saba. Jumapili ya mwisho ya Machi saa saba inarukishwa inakuwa saa nane. Kwa hiyo kiangazi Zanzibar iko mbele kwa saa 2, na baridi kwa saa 3. Mwaka wangu wa kwanza nilimuahidi mama kumpigia saa mbili za usiku. Hesabu yangu ilikuwa ya kiangazi, nikapiga ishafika saa tatu. Saa nzima alikuwa barazani kwa jirani mwenye simu, kaishika mkononi, na moyoni keshanizika. Aliponisikia alisema, "Kwani jua la huko wamelihamisha, mwanangu?" Ndiyo maana nasema ahadi zote za nyumbani ziandike kwa saa ya nyumbani, halafu wewe ndiye uhesabu.

Wenyewe wanabishana kila mwaka kama waache mchezo huu. Ulianza vitani, 1916, Ujerumani kisha Uingereza, kwa ajili ya kuokoa makaa ya mawe. Umoja wa Ulaya ulipowauliza watu 2018, majibu milioni 4.6 yalikuja na asilimia 84 walitaka uachwe. Bunge la Ulaya likakubali 2019, lakini nchi zenyewe hazijaafikiana zibaki na saa ipi. Hapo ndipo penye ugomvi. Wengi wanaipenda saa ya kiangazi kwa jioni zake ndefu. Uingereza iliijaribu mwaka mzima, kuanzia 1968 mpaka 1971, ikaiacha, na wa Scotland ndio walioilalamikia zaidi. Mimi niko nao. Kwa saa hiyo jua la Disemba Glasgow lingetoka saa nne kasorobo, na mtoto angekwenda skuli gizani na kumaliza somo la kwanza gizani. Tuliolelewa kuhesabu saa kwa jua tunajua saa sita ni jua utosini. Saa ya baridi inaukaribia ukweli huo na inaupa mwili mwanga wa asubuhi. Kama wangeniuliza, ningewaambia wabaki nayo.

Nguo: ile inayogusa ngozi iwe ya kubana na isiwe pamba, maana pamba ikiloa jasho inakuganda. Juu yake sufu, kisha koti la kuzuia upepo, refu, lenye kofia, kwa kuwa mvua ya Glasgow inakuja ubavuni na mwavuli unapinduka. Koti zuri unaweza kulipata kwenye mitumba Mwanakwerekwe kwa bei nafuu. Lijaribu zipu mara kumi hapo hapo kwa muuzaji. Viatu vizidi namba moja ili soksi mbili ziingie. Chumbani ukianika nguo mbichi juu ya hita, kuta zitaota koga, basi fungua dirisha dakika kumi hata kama unatetemeka. Na kama mita ya umeme ni ya kulipia kabla, kama Tukuza yetu, iongeze mapema.

Kwa upande wangu nimemnunulia saa ndogo ya mkono. Nimeitega kwa saa za Kiswahili za hapa Jambiani, na nimemwambia asiiguse Oktoba wala Machi. Wakati wa baridi, akrabu fupi ikifika tisa, Glasgow ni saa sita mchana. Avae koti, atoke.