Gitaa la mtumba: kagua shingo kabla ya kulipa

Ukienda kununua gitaa la mtumba, liwe la solo au la besi, rangi inayong'aa isikushughulishe; anza na shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 (freti ni vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, huhesabiwa kuanzia kichwani), na kwa mkono mwingine pale shingo inapoungana na mwili, kisha tazama freti ya 7. Pabaki upenyo mdogo, kama unene wa kadi ya biashara. Uzi ukigusa kabisa, shingo imepinda kwenda nyuma na nyuzi zitakwaruza freti. Upenyo ukiwa mpana, imevutwa mbele na vidole vitaumia. Kwa kawaida yote mawili hurekebishwa kwa chuma kilicho ndani ya shingo, robo mzunguko kila mara, ila magitaa mengi ya nyuzi za nailoni hayana chuma hicho. Shingo iliyojisokota iache, hata bei iwe nzuri vipi.

Kisha washa tyuna ya simu, yaani programu inayoonyesha kama noti iko sawa. Piga uzi wazi, bila kuubonyeza popote, halafu ubonyeze freti ya 12: noti iwe ileile, oktava moja juu. Ikipanda au kushuka kidogo, huenda ni nyuzi kuukuu tu.