Jinsi ya kuandaa stafu wa kumpima mgonjwa wa dharura akifika tu mlangoni

Hii naandikia nyie mnaosimamia emejensi kwenye hospitali za wilaya na vituo vya afya vya huku kwetu, Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chamwino, Kondoa mpaka Manyoni, maana kila nikikutana na mainchaji wenzangu semina Dodoma mjini swali ni lile lile, nani hasa anatakiwa kumpima mgonjwa anapoingia na huyo mtu tunamfundishaje.

Mimi ni nesi. Mwaka wangu wa pili kazini, sio hapa nilipo sasa, alikuja mama na mtoto wa kama miezi 8 mgongoni, kamfunga kanga vizuri kabisa, mlinzi akamwelekeza dirisha la kadi, dirishani akapangwa foleni, akafika mezani kwangu nikamshika mtoto paji la uso nikasema homa hiyo mama kaeni hapo benchi. Karibu lisaa limepita ndo namfungua ile kanga nakuta kifua kinabonyea chini ya mbavu kila akivuta pumzi na midomo imeanza kuwa kama ya majivu. Alipewa oksijeni akapona, namshukuru Mungu. Cheti nilikuwa nacho, leseni ninayo, ila hamna mtu aliyewahi kukaa pembeni yangu akaniangalia nampima mgonjwa wa mlangoni mwanzo mpaka mwisho, na kila nikifundisha watu nashika hapo hapo.

Cha kwanza kabisa kaeni na mganga mfawidhi na matroni muandike nani anafanya nini. Wamarekani wana sheria ya mwaka 1986 inaitwa EMTALA, inazilazimisha hospitali zenye kitengo cha dharura zinazolipwa na bima yao ya Medicare kumpima kila anayefika kuomba huduma ya dharura bila kuangalia ana hela au hana, na anayepima lazima awe wa kada ambayo hospitali yenyewe imeitaja kwenye kanuni zake kwa maandishi na bodi ikapitisha. Tena wanatenganisha, nesi kumpanga mgonjwa nani aanze nani afuate haihesabiki kwamba ameshapimwa. Sheria ni yao haitufungi sisi, lakini hayo mambo mawili, kuandika na kutenganisha, yachukueni yalivyo.

Kwetu mimi naweka hivi. Kupanga wagonjwa, yani triaji, anafanya nesi mwenye leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ambaye ameshapita mafunzo nitakayoyasema huko chini. Kumpima kamili na kuamua huyu ana dharura au hana anafanya tabibu au daktari mwenye usajili na leseni yake. Interni, yani daktari aliye bado mafunzoni kazini, anapima lakini kuna mtu juu yake na jina la huyo mtu limeandikwa kwenye rota, sio "dokta yupo on call" halafu simu haipokelewi. Medikali atendanti hapangi wagonjwa peke yake hata kama kakaa hapo miaka 20 na anajua kuliko wageni, ila dalili za hatari lazima azijue zote. Karatasi isainiwe, ibandikwe ukutani, na kila jina liwe na nakala ya leseni kwenye faili, angalieni tarehe maana leseni zinaisha watu wamelala.

Sasa mlinzi na karani wa kadi. Watu wanawaruka hawa na ndo wa kwanza kumwona mgonjwa! Wape nusu siku tu, na wasifundishwe majina ya magonjwa, wafundishwe kuita. Mtu anayepumua kwa shida, aliyezimia au anayeongea ovyo, anayedegedeka, anayetoka damu nyingi, mjamzito anayetoka damu au anayelalamika kichwa na macho kuona ukungu, mtoto aliyelegea hanyonyi, aliyegongwa, aliyeumwa na nyoka. Yeyote katika hao anaingia ndani moja kwa moja, kadi na kontroli namba ndugu watashughulikia nyuma, na majeruhi wa barabarani asiambiwe aanze kufuata PF3 polisi huku anavuja damu, hiyo fomu itafuata. Nyie mlio kwenye barabara kuu, Kibaigwa huko na wengine, hili lifanyieni mazoezi kweli kweli maana basi likipinduka hamna muda wa kuulizana.

Kwa manesi na matabibu kuna kozi ya WHO ya huduma ya msingi ya dharura, wanaita BEC, walitoa 2018 pamoja na Msalaba Mwekundu wa kimataifa, na Tanzania ni moja ya nchi ilikojaribiwa. Inamfundisha mtu kwenda kwa herufi, A njia ya hewa, B kupumua, C mzunguko wa damu, D fahamu, E kumvua nguo umwone mwili wote, halafu inaingia kwenye majeruhi, shida ya kupumua, shoku (damu kutofika vizuri mwilini) na aliyebadilika fahamu. Kwa watoto ongezeni ETAT, kozi ya WHO ya kupanga, kupima na kutibu watoto wa dharura. Kama hamna bajeti ya kupeleka watu wote pelekeni wawili wanaopenda kufundisha, sio wawili wanaodai zamu ya posho, wakirudi wawafundishe wengine humo humo ndani kila Jumatano mchana.

Lakini kozi peke yake haimfanyi mtu ajue kupima. Chukua mfano kuhesabu pumzi, kitu kinaonekana kidogo mno na ndo kinachodanganywa kuliko vyote, fungua mafaili yenu leo utakuta wagonjwa 30 wote wameandikiwa 20 au 22. Nafundisha hivi: mtoto abaki mapajani kwa mama, usimlaze atalia, mwombe mama apandishe nguo mpaka tumbo na kifua vionekane, weka saa usawa wa tumbo la mtoto ili jicho lione vyote viwili, hesabu dakika nzima, sio sekunde 15 mara nne maana mtoto anapumua kwa kurukaruka. Chini ya miezi 2 ikifika 60 ni haraka, miezi 2 mpaka 12 ni 50, mwaka 1 mpaka 5 ni 40. Ukimaliza usifunike, angalia chini ya mbavu panabonyea au la. Halafu bonyeza ncha ya kidole uachie, rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi na mikono ni ya baridi huyo asirudi benchi. Aliyepoteza fahamu au anayedegedeka sukari ipimwe hapo hapo, chini ya 3.5 mmol/L anapewa sukari kabla ya hadithi nyingine. Na kwa Dodoma hapa niseme wazi, malaria kwetu iko chini ukilinganisha na mikoa ya kanda ya ziwa, kwa hiyo stafu asimalize kazi kwa kusema homa apimwe malaria.

Kumpitisha mtu mimi natumia wagonjwa 20. Wa kwanza 5 ananiangalia, 15 namwangalia mimi bila kumsaidia, na katika hao lazima wawepo watoto, wajawazito, majeruhi na angalau mzee mmoja asiyejua Kiswahili vizuri, maana bibi wa Kigogo anaweza kukujibu "sijambo" kwa adabu tu na kifua kinambana, ukimwamkia mbukwenyi ukaweka mtu anayejua lugha pembeni ndo anakuambia maumivu yameanza jana usiku yanashuka mkono wa kushoto. Kila mgonjwa tunaandika kwenye logibuku alimpanga rangi gani ya triaji (nyekundu ndo wa kuonwa mara moja), mimi ningempanga gani, kwa nini tumetofautiana. Akimpa mgonjwa wa nyekundu rangi ya chini yake hata mmoja tunaongeza wengine 10, simgombezi, tunarudi pale alipokosea tunampima tena pamoja.

Shifti ya usiku ndo ipewe mazoezi zaidi, fanyeni igizo saa 8 usiku bila kuwaambia, mtu mmoja ajifanye kaanguka getini mhesabu dakika mpaka anaguswa. Mezani pawepo oksimita ya kupima oksijeni yenye betri, glukomita ya kupima sukari yenye stripu, mashine ya presha yenye kafu ya mtoto na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, mtu akifundishwa halafu asikute vifaa mwezi haujaisha keshasahau.

Ijumaa chukueni mafaili 10 bila kuchagua pamoja na ya wote waliofariki ndani ya saa 24, muangalie saa aliyofika, saa aliyopimwa, nani alimpima na kama jina lake lipo kwenye ile karatasi ya ukutani. Likiwa halipo mwiteni huyo na aliyempanga zamu, na mazoezi yake ya wagonjwa 20 yaanze Jumatatu.